Haibridi ya mtumba kutoka Japani: mwongozo kamili wa kuinunua, kuitunza na kuiendesha

Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, kote zimejaa haibridi, yaani magari yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja: Aqua, Prius, Fit, Vezel, Harrier, Lexus RX. Mwenye nazo mmoja atakuapia kwamba hajawahi kumiliki gari linalokula mafuta kidogo kama hili. Mwingine kaliuza kwa bei ya kutupa kwa sababu aliambiwa "betri imekufa". Inawezekana kabisa magari hayo mawili yalitoka kiwanda kimoja, mwaka mmoja, na kilomita zao zinakaribiana.

Mara nyingi kilichowatenganisha ni vitu vinne vya bei ndogo: feni ya betri iliyoziba vumbi, kulanti (maji ya kupoza) ya inveta iliyosahaulika, betri ndogo ya volti 12 iliyochoka, na fundi wa kiyoyozi aliyetia oili isiyo yake. Ukivisimamia hivyo vinne, sehemu kubwa ya yale yanayotisha watu kuhusu haibridi hutayaona. Nitazungumzia zaidi Toyota na Lexus, maana ndizo nyingi barabarani kwetu, lakini Honda na magari ya kifahari ya Ulaya nayo yana nafasi yake huko mbele.

Kwanza, jua kilichomo ndani

Haibridi ya Toyota ina injini ya petroli, mota mbili za umeme ndani ya giaboksi, betri kubwa nyuma, na inveta mbele inayobadili umeme kati ya betri na mota. Haina staata wala altaneta kama ulizozoea. Kazi hizo hufanywa na mota na inveta. Aqua na Prius ya kizazi cha tatu (iliyotoka 2009) hazina hata mkanda mmoja wa feni.

Betri kubwa imeundwa kwa moduli, yaani betri ndogo ndogo zilizounganishwa; ya Aqua ina moduli 20 na volti 144. Ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina moduli 28 na volti 201.6. Harrier ya 2005 na Lexus RX 400h na 450h zina volti 288. Inveta hupandisha umeme huo zaidi. Kwenye Prius ya kizazi cha tatu hufika volti 650. Nyaya zinazoubeba ni za rangi ya chungwa, na mkono wako hauna kazi yoyote hapo. Fundi anayefungua sehemu hizo lazima achomoe plagi ya usalama ya betri, asubiri dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye inveta ushuke, na avae glavu za kuzuia umeme. Ukimwona anaingiza bisibisi bila hayo, mzuie.

Betri hii hujichaji yenyewe, injini ikiwaka na unapokanyaga breki. Kompyuta huiweka kati ya takriban asilimia 40 na 80, haiijazi kabisa wala haiachi iishe. Ndiyo maana inaweza kudumu miaka mingi, na ndiyo maana mistari ya betri kwenye dashibodi kupanda na kushuka siyo ugonjwa.

Hatua ya 1: Kununua

Kama unaagiza, dai karatasi ya mnada wa Japani kabla ya kulipa. Daraja la R au RA maana yake gari liligongwa likatengenezwa. Kwa gari la kawaida hilo linaweza kuvumilika. Kwa haibridi iliyogongwa nyuma, mahali betri inapokaa, mimi ningeliacha. Usivutwe na kilomita chache peke yake. Betri za nikeli, aina iliyomo kwenye nyingi za haibridi hizi, huzeeka kwa umri na kwa joto pia, na gari lililosimama miaka mingi bila kutembea linaweza kuwa na betri mbovu kuliko lililokuwa likienda kazini kila siku.

Kama unanunua hapa hapa, muombe muuzaji asiliwashe gari asubuhi hiyo mpaka ufike. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Injini ya baridi husema ukweli ambao injini ya moto huuficha, hasa kwenye Prius ya kizazi cha tatu.

Washa, subiri neno READY (gari liko tayari kuondoka) litokee kwenye dashibodi, kisha acha injini iwake yenyewe. Ikitetemeka kwa nguvu sekunde chache za mwanzo kana kwamba inataka kuvunja mounti zake, halafu ikatulia, chukulia kwamba kulanti inapenya kwenye silinda kupitia gasketi ya silinda hedi, mpaka fundi athibitishe vingine. Fungua chupa ya kulanti ya injini ikiwa bado baridi uone kiwango kilipo.

Kisha pima kwa kompyuta. Kama una simu na kifaa kidogo cha OBD cha bluetooth (huchomekwa kwenye soketi ya kompyuta ya gari), programu kama Dr. Prius itakuonyesha volti za kila jozi ya moduli. Endesha barabarani, kanyaga mafuta kwa nguvu, kisha funga breki taratibu, huku mwenzako akisoma namba. Jozi zote zinatakiwa kupanda na kushuka pamoja. Kama moja inabaki nyuma ya wenzake kwa volti 1 au zaidi kila unapokanyaga mafuta, betri hiyo imeanza safari ya kufa hata kama hakuna taa iliyowaka. Uliza pia kama kuna alama za hitilafu (kodi ambazo kompyuta ya gari huhifadhi, kama P0A80) zilizofutwa karibuni: muuzaji mjanja hufuta hitilafu asubuhi ya siku unayokuja, na mfumo huhitaji muda wa kuendeshwa kabla taa haijarudi. Kwa hiyo jaribio la dakika tano kuzunguka mtaa halitoshi. Omba nusu saa, na upande mlima mmoja.

Angalia pia namba ya chesisi kwenye tovuti ya Toyota ya Japani kuona kama kuna marekebisho ya kiwandani yaliyokuwa hayajafanywa. Februari 2014 Toyota iliita Prius za kizazi cha tatu zipatazo milioni 1.9 duniani kwa sababu programu ya inveta iliweza kusababisha transista kupata joto kupita kiasi na gari kuzima. Gari lililosafirishwa kabla ya hapo linaweza kuwa halijaguswa mpaka leo.

Honda Fit haibridi ya 2013 mpaka 2020 na Vezel ya kizazi cha kwanza ni mfumo tofauti kabisa: giaboksi ya gia saba yenye klachi mbili kavu, na mota ndani yake. Iliitwa kiwandani mara kadhaa 2013 na 2014, hasa kwa ajili ya programu ya giaboksi hiyo. Ukiijaribu, isikie inapoondoka taratibu kwenye foleni. Kama inashtuka, inasita au inaandika onyo la joto la giaboksi, usiende mbele na bei.

Hatua ya 2: Wiki za mwanzo baada ya kulipata

Usiamini historia uliyosimuliwa. Anza upya: oili ya injini na filta, kulanti zote mbili, filta ya hewa, filta ya kiyoyozi, oili ya giaboksi, na usafi wa feni ya betri. Andika tarehe na kilomita kwenye daftari linalokaa ndani ya gari.

Oili ya injini kwa Aqua na Prius ya kizazi cha tatu ni 0W-20. Usikubali oili nzito "kwa sababu ya joto la Dar". Injini hii huzima na kuwaka mara nyingi kwa siku, na kila ikiwaka inahitaji oili inayofika juu haraka. Badilisha kila kilomita 5,000 mpaka 7,000 kama unaishi kwenye vumbi na foleni.

Oili ya giaboksi ni ATF WS, siyo nyingine. Kitabu cha gari hakitoi ratiba ya kuibadilisha kwa matumizi ya kawaida, lakini oili inayotoka kwenye gari la kilomita laki moja huwa nyeusi, na oili hiyo hiyo ndiyo inayopooza mota. Kumwaga na kujaza ni kazi ya chini ya saa moja.

Hatua ya 3: Feni ya betri

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo betri nyingi huuawa. Betri kubwa hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Hewa inavutwa kupitia tundu lenye vyuma au plastiki kama wavu: kwenye Prius liko pembeni ya kiti cha nyuma, kwenye Aqua liko chini ya kiti cha nyuma. Abiria huweka mkoba hapo, mtoto humwaga biskuti, mbwa huacha manyoya, na vumbi la barabara ya vumbi humalizia kazi. Vumbi likishika mapanga ya feni, hewa hupungua, joto la betri hupanda, na moduli za katikati ambazo hupoa kwa shida huanza kuchoka kabla ya wenzake.

Kuisafisha kwenye Aqua:

1. Zima gari, peleka ufunguo mbali, na ufungue terminali ya hasi ya betri ndogo.
2. Nyanyua kalio la kiti cha nyuma kwa mbele mpaka klipu ziachie, kisha livute nje.
3. Toa wavu wa tundu la hewa. Kama kuna kichujio ndani yake, kioshe kwa maji na sabuni kidogo, kiache kikauke kivulini kabisa.
4. Chomoa soketi ya feni, fungua bolti zake, itoe feni nzima. Usiguse kitu chochote kilichounganishwa na waya wa chungwa.
5. Safisha kila panga kwa mswaki laini wa meno mkavu na mashine ya kuvuta vumbi. Maji hayaingii hapa. Utashangaa utando wa kijivu uliojikunja kwenye kila panga. Huo ukibaki hata kidogo upande mmoja, feni itavuma.
6. Vuta vumbi kwenye njia ya hewa inayoelekea kwenye betri, rudisha kila kitu, washa gari, angalia kama kuna taa.

Fanya hivi kila mwaka, na kila miezi sita kama wewe ni dereva wa teksi ya mtandaoni au unaishi kwenye barabara ya vumbi. Kwenye Prius feni iko nyuma ya plastiki ya buti pembeni, kazi ni ndefu kidogo lakini mantiki ni ile ile. Harrier na RX zina feni zaidi ya moja chini ya kiti. Usisafishe moja ukaacha nyingine.

Na kwa sababu hewa ya kupoza betri ni hii hii unayopumua, kiyoyozi kwenye jua la saa nane mchana siyo anasa. Kukizima ili kuokoa mafuta, ukafunga vioo au ukafungua vumbi liingie, ni kuipa betri hewa ya moto. Gari likiwa limepikwa juani, fungua milango dakika mbili hewa itoke, kisha washa kiyoyozi na uondoke.

Hatua ya 4: Kulanti ya inveta

Inveta ina rejeta yake, pampu yake ya umeme na chupa yake ndogo ya kulanti, tofauti na ya injini. Gereji nyingi hubadilisha ya injini na kuisahau hii. Tumia kulanti ya pinki ya Toyota ya maisha marefu, ambayo huja ikiwa imeshachanganywa. Maji ya bomba, hasa yale ya chumvi ya visima vya pwani, hula alumini ya inveta kutoka ndani.

Kila mwezi fanya hivi: gari likiwa kwenye READY, fungua boneti, chungulia chupa ya inveta kwa tochi. Kulanti inatakiwa kucheza, uone mawimbi madogo. Ikiwa imetulia kama maji ya mtungini, pampu imekufa au kuna hewa ndani, na ukiendelea kuendesha inveta itapata joto na gari litakuzimia kwenye mlima. Alama ya kompyuta ya hali hiyo kwa kawaida ni P0A93. Pampu ni kifaa kidogo cha bei ya kawaida; inveta siyo. Mwaka 2012 Toyota yenyewe iliita Prius za kizazi cha pili kwa ajili ya pampu hii.

Baada ya kubadilisha kulanti, hewa lazima itolewe kwenye mfumo. Fundi akimwaga na kujaza tu bila kutoa hewa, ameacha kazi katikati.

Hatua ya 5: Betri ndogo

Haiwashi injini kama kwenye gari la kawaida. Kazi yake ni kuamsha kompyuta. Ikishuka, gari halifiki READY, dashibodi inawaka taa kama mti wa Krismasi, na kuna watu wameuziwa betri kubwa siku hiyo wakati tatizo lilikuwa hili. Kabla ya kukubali hukumu yoyote juu ya betri kubwa, ipime ndogo kwanza.

Inakaa ndani ya gari, kwenye buti au chini ya kiti, kwa hiyo lazima iwe ya aina iliyofungwa yenye mrija wa kutolea gesi nje. Namba za Kijapani za aina hiyo huanza na S. Betri ya kawaida ya maji iliyolazimishwa pale itakuvujishia gesi ndani ya gari na kula vyuma.

Kuchomekea umeme, yaani kuiamsha betri hii kwa waya kutoka gari lingine, inaruhusiwa, kwa uangalifu: chanya kwenye terminali iliyoko ndani ya boksi la fyuzi chini ya boneti, hasi kwenye chuma cha bodi. Kugeuza waya kunaweza kuchoma inveta. Na usimchomekee jirani mwenye lori au Land Cruiser kutoka kwenye haibridi yako, hata akiwa shemeji.

Hatua ya 6: Kiyoyozi

Kompresa ya kiyoyozi hapa inazungushwa na umeme wa volti kubwa, na waya za mota yake zimezama ndani ya oili. Oili hiyo lazima iwe ya kuzuia umeme, ile inayouzwa kwa jina ND-11. Oili ya kawaida ya PAG iliyo kwenye mashine za mafundi wengi hupitisha umeme, na kiasi kidogo tu kikiingia, gari linaweza kuona umeme unavuja kwenye bodi, likatoa alama ya P0AA6 na kukataa kuwaka. Dawa za kuziba matundu ya gesi nazo usiruhusu. Mwambie fundi wazi kabla hajaunganisha mipira: "Hii ni haibridi, mashine yako imebeba oili gani?" Akisita, tafuta mwingine.

Hatua ya 7: Masizi ya EGR

Prius ya kizazi cha tatu ina tatizo lake linalojulikana: kipozeo cha EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) huziba masizi, silinda hupata joto lisilo sawa, na mwishowe gasketi ya hedi huachia. Kisafishwe pamoja na vitundu vya manifoldi karibu na kilomita laki moja, na tena baadaye. Kazi ya siku moja kwa fundi anayeijua. Kama kulanti inapungua na huoni inapovujia, acha kuendesha mpaka ijulikane inakwenda wapi.

Hatua ya 8: Kuendesha

Kwenye foleni, kaa kwenye D ukiwa umekanyaga breki, au weka P. Usiweke N. Kwenye N betri kubwa haichajiwi, huku kiyoyozi na taa vinaendelea kuila, na foleni ya Ubungo jioni inatosha kuishusha kabisa.

Kwenye mteremko mrefu kama Kitonga au Mai Mahiu, weka gia kwenye B (ya kushikia gari mteremkoni). Betri ikijaa, injini itaanza kunguruma kwa sauti kubwa ingawa hujakanyaga mafuta. Umeme wa ziada unaizungusha ili ikushikie gari. Ni kawaida, usirudi D kwa hofu.

Breki pedi hudumu sana kwa sababu mota hufanya kazi kubwa ya kusimamisha gari, na hapo ndipo watu husahau breki kabisa. Pini za kaliper hushika kutu, hasa pwani. Zifunguliwe, zisafishwe na kupakwa grisi kila mwaka. Kubadilisha mafuta ya breki kunahitaji kompyuta ya kuendesha pampu yake. Kupampu kwa mguu peke yake kunaacha hewa ndani.

Mvua kubwa ikinyesha na bonde la Jangwani, Dar, likajaa maji, zunguka. Betri ya Aqua iko chini ya kiti, chini kuliko unavyofikiri. Maji yakishaingia kwenye sakafu ya gari, zima, toka, na usijaribu kuwasha tena mpaka fundi wa haibridi akague. Mafundi wa kuosha injini kwa mashine ya presha nao wakae mbali na boneti yako.

Gari likizima, lipandishe kwenye lori la kubebea magari. Magurudumu ya mbele yakizunguka, mota inazalisha umeme. Kamba ni kwa kulitoa tu barabarani, mwendo wa polepole, umbali mfupi. RX na Harrier zenye mota ya nyuma zisiguse chini kwa magurudumu yoyote.

Kama gari lako ni la kifahari

Lexus RX, Harrier na Crown zina yote hayo, na gharama juu yake. Kwenye injini za V6 za RX na Harrier, plagi za upande wa nyuma hazifikiki bila kufungua manifoldi ya juu, kwa hiyo weka plagi nzuri za iridiamu mara moja badala ya kurudi kila mwaka.

Kwa Mercedes, BMW na Range Rover zenye springi za hewa, egesha sehemu tambarare jioni, pima urefu kutoka tairi hadi fenda kila kona, pima tena asubuhi. Kona iliyoshuka ina begi linalovuja, na begi likivuja kompresa hufanya kazi muda wote mpaka ife. Begi moja leo au begi na kompresa mwezi ujao. BMW ikibadilishwa betri, betri mpya isajiliwe kwenye kompyuta ya gari, la sivyo itachajiwa kama ya zamani. Na ukiambiwa oili ya giaboksi ni ya maisha, jua kwamba ZF, watengenezaji wa giaboksi nyingi za magari haya, hushauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kata bima kubwa: taa moja ya mbele iliyoibwa inaweza kuzidi bei ya injini ya mtumba ya gari dogo.

Betri kubwa ikichoka kweli

Alama ya P0A80 ikitokea, na betri ndogo ni nzima, na feni ni safi, una njia tatu.

Ya kwanza ni kubadilisha moduli moja au mbili mbovu. Ni nafuu na ndiyo mafundi wengi hupenda, lakini moduli mpya kati ya zilizochoka haziendi pamoja, na baada ya muda nyingine inaanguka. Ikubali tu kama fundi atapima moduli zote kwa mzigo, atazipanga zenye uwezo unaokaribiana, na atasawazisha chaji zake. Wakati imefunguliwa, vipande vya shaba vinavyounganisha moduli visafishwe kutu ya kijani. Hewa ya chumvi ya pwani huileta haraka, na kutu peke yake inaweza kutoa alama ya hitilafu.

Ya pili ni betri nzima ya mtumba kutoka Japani au Sharjah. Umri wa gari lililotoka ndio unaonunua, kwa hiyo uliza mwaka, siyo rangi ya boksi. Ya tatu ni betri mpya kabisa, ghali, na kwa mtu anayetaka kukaa na gari miaka mitano au zaidi ndiyo ninayomshauri.

Yoyote utakayochagua, lipa baada ya kufanya jaribio lile lile la kununua: nusu saa barabarani, mlima mmoja, kifaa kikiwa kimechomekwa, jozi zote zikipanda na kushuka pamoja. Picha ya namba hizo iwe kwenye simu yako, na risiti iandike namba ya betri, tarehe na muda wa dhamana kwa mkono wa fundi mwenyewe.